Hatua ya Xavery

Mkoa wa Manyara ulipokuwa bado mpya, na kila mwenye kipande cha ardhi kando ya mji wa Babati ameanza kujiita tajiri, Hamdani alikwenda Sigino kukodi shamba la alizeti. Alikwenda na mpimaji wake mwenyewe, jamaa mrefu kama nguzo ya simu. Kule ekari hupimwa kwa miguu, hatua sabini kwa sabini, na anayekodi kwa akili hukodi kwa miguu mirefu. Mwenye shamba naye hakuwa mjinga. Alimtazama yule jamaa kuanzia chini mpaka juu, akasema, "Huyo kapime naye kwenu Kondoa. Hapa anapima Xavery."

Xavery alikuwa mkulima aliyeshuka kutoka milima ya Mbulu, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mtu wa kimo cha kawaida aliyevaa katambuga, makubazi ya matairi. Hamdani akamvuta pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee wangu, nyoosha mguu kidogo tu. Soda ipo."

"Soda kanywe wewe, jua kali. Mguu huu haujui nani anakodi na nani anakodisha."

Hamdani hakukasirika. Alianza maisha akiuza chumvi kwa mafungu chini sokoni, na alikuwa hajawahi kuona kipimo kisichoegemea upande. Jioni alirudi peke yake. Nyayo za Xavery zilikuwa bado kwenye udongo uliolimwa. Akatandika kamba ya katani kutoka kisigino hadi kisigino, akaikata. Kisha akaijaribu kwenye mwinuko, na kule kona ya mwisho ambako mtu yeyote angekuwa amechoka. Kamba ilikaa sawasawa kila mahali. Akaondoka nayo, akaitundika msumarini ghalani kwake.

Tangu siku hiyo hakukodi shamba bila Xavery. Alibishana bei mpaka wenye mashamba wakamwita chawa, lakini ukubwa hakubishana. Makubaliano yote ya Sigino yakawa yanaandikwa hivyo: ekari kadhaa, kwa hatua za Xavery. Hata ndugu waliogombea urithi, wasiopeana mkono, walikubali kusimama pamoja mpakani wakimtazama anavyotembea. Xavery hakuwa na ng'ombe wengi wala shamba kubwa. Alikuwa na hilo tu.

Ikapita miaka. Ndipo msimu mmoja Adrian, dereva wa trekta aliyekuwa akimlimia Hamdani, akaropoka kwa furaha, "Tajiri, ekari zako siku hizi tamu kweli! Nikigeuza mara mbili tatu, zimekwisha."

Hamdani alicheka, kisha kicheko kikakatika. Akaitoa kamba msumarini, akaenda kulipima shamba upya. Kabla hajafikisha sabini alikuwa amekwishaingia kwenye mahindi ya jirani. Akajaribu shamba la pili, hali ileile. Kwa mtu wa soko, jambo hilo lilikuwa na maana moja tu: wenye mashamba wamemnunua mzee.

Alimkuta mzee kijijini Nangara, kwenye mashine ya kukamua alizeti, watu wamejipanga na magunia yao. Hakumvuta pembeni safari hii.

"Mzee Xavery, wanakupa shilingi ngapi hao?"

"Sijapewa kitu." Sauti ilitoka ndogo, kama mtu anayeongea ndani ya chungu. Uso haukucheza. Hata kope hazikucheza.

"Uso mkavu namna hiyo! Angalau ungeona haya."

"Ndiyo maana siku hizi hatabasamu na mtu," akadakia mama mmoja kwenye foleni. "Anapita kama sanamu."

"Anahesabu hela za watu huyo!"

Watu wakacheka. Xavery akangoja wamalize. "Njoo utembee nyuma yangu," akamwambia Hamdani.

Wakaenda mpaka Sigino. Hamdani aliyekuwa amekaza macho kutafuta ujanja aliona kitu kingine. Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa umebana ubavuni kana kwamba ameficha yai. Mguu wa kulia ulikuwa ukiburuta, ukichora mstari vumbini kati ya nyayo. Na kila hatua ilikuwa fupi kuliko iliyoitangulia. Walipofika kwenye upenyo wa ua wa minyaa, Xavery akasimama. Kifua kilikuwa kinakwenda, miguu imegoma.

"Pita, mzee."

"Nataka," akasema Xavery.

Hamdani akamshika mkono akamvusha. Kisha akatandika kamba juu ya nyayo mbili, kwa mazoea tu. Ikazidi kiasi cha shubiri nzima.

Coletha, mkewe Xavery, aliwapokea mlangoni. "Mwaka wa pili huu namfunga vifungo vya shati," alisema. "Nikimwambia twende hospitali ananijibu, mama Evangelina, mbona nikihesabu zinafika sabini zilezile?"

Hamdani aliwapakia wote wawili kwenye pikapu yake. Alikuwa amesikia hospitali ya mjini kuna wataalamu waliokuja kupima mwendo wa wagonjwa wa namna hiyo. Akawapata. Mama mmoja aitwaye Redempta, mtaalamu wa tiba ya viungo, alimfunga Xavery visanduku vidogo kwenye vifundo vya miguu na kimoja kiunoni, akamwambia atembee ukumbini, kwenye sakafu iliyobandikwa vipande vya tepu nyeupe.

Xavery akatembea. Hatua ilinyooka, kisigino kikatua kama zamani, na Hamdani akapiga paja. "Hiyo! Hiyo ndiyo ekari yenyewe! Mama, mzee wangu mzima."

"Subiri, baba," alisema Redempta. "Mzee, rudi kwa kupitia huku." Akamwonyesha sakafu tupu.

Miguu ikafupika palepale. Mlangoni ikaganda.

Redempta hakuzungusha maneno. Ni ugonjwa wa Parkinson, alisema. Ubongo umeanza kushindwa kuiamuru miguu, na uso, na sauti. Akiona mistari, macho yanausaidia. Dawa ipo ya kumlegeza. Ya kuuondoa haipo.

"Na hivyo visanduku?"

"Vinapima hatua ni ndefu kiasi gani, anaganda wapi, dawa inamfaa saa ngapi."

"Vikishapima?"

"Tunajua amefika wapi."

"Sasa mama, tuongee kikubwa. Ukiniambia ni Dar es Salaam, twende. Ukiniambia ni India, tutajua. Kila kitu kina mahali pake pa kununuliwa."

"Hiki hakina, baba."

Hamdani alimtazama vizuri, akitafuta pale jicho la muuzaji linapocheza. Halikucheza.

Hata hivyo hakukubali upesi. Mistari ilikuwa imemfanyia mzee kazi, naye ameona kwa macho yake. Wiki iliyofuata akanunua chokaa, akaenda Sigino na ile kamba, akachora mstari kila hatua upande mzima wa shamba. Xavery akatembea juu yake bila kukosea. Alipofika mwisho akageuka, na sauti yake ndogo ikawa na utani wa zamani.

"Tajiri, sasa nani amepima hapa? Mimi au chokaa?"

Hamdani akaikunja kamba.

"Umeniita mwizi mbele za watu," Xavery akaendelea.

"Nitakwenda kusema hukuhongwa."

"Watauliza kwa nini ekari zimepungua."

"Nitasema unaumwa."

"Ndipo hataniita mtu tena."

Hamdani, aliyezoea kuona upande wenye nafuu katika jambo lolote, akauzunguka mzigo huu pande zote, hakuuona. Aliyeamua ni Xavery. "Sema naumwa. Kasemee palepale kwenye mashine, mimi nikiwepo."

Alisema. Yule mama wa foleni alimpa mzee pole, akainama. Baada ya hapo hakuna aliyemwita Xavery kupima hata kitalu cha mchicha.

Hamdani alidai vipande vyake vya ardhi virudishwe. Wenye mashamba wakamkatalia. "Karatasi inasema hatua za Xavery," walimwambia. "Kwani zile zilikuwa za nani, za askofu?" Akalima ekari pungufu mpaka mavuno. Msimu uliofuata akanunua tepu ya fundi ya kupimia, na kila anayemkodishia anakuja na tepu yake, wanashinda wakivutana mashambani.

Kamba alimpelekea Coletha. Mama huyo akaitumia kupanga vijiti njiani, kutoka mlangoni hadi chooni na hadi kwenye benchi la uani, kijiti kila hatua, mzee apate kuvuka bila kushikwa. Kila Hamdani anapopita kupeleka dawa anakuta Coletha amevisogeza karibu zaidi.

Siku moja Xavery aliketi kwenye benchi akamngoja afike. "Wewe una jicho la soko," alisema. "Mama Evangelina ananiambia bado ni hatua yangu ileile."

Coletha alimtazama Hamdani kwa kumwomba. Hamdani aliichukua kamba pale ilipotundikwa, akainama, akaitandika kati ya vijiti viwili.

"Si ileile, mzee. Imebaki nusu."

Xavery aliitikia kwa kichwa polepole. "Basi ikate ilingane nayo," akasema.

Hamdani akatoa kisu mfukoni, akaikata.