Ramani Waliyoikataa Kaloleni

Niliondoka Nakuru Jumanne alfajiri kwa sababu ramani yangu ilikuwa imekataliwa. Mimi ni msanifu majengo. Kikundi cha wapangaji wa Kaloleni, mjini Kisumu, kiliniomba nikichoree makao mapya, nami nikakipelekea mchoro wa jengo la ghorofa nne ambalo nililionea fahari. Mwenyekiti wao, Mama Akinyi, alinipigia simu. "Injinia, hiyo hatutaki. Kuja kwanza uone vile tunaishi."

Matatu ilipofika Awasi, karibu na Kisumu, nililivua koti nililovalia baridi ya Nakuru. Joto la ziwa lilikuwa limekuja kutulaki.

Saa sita mchana, nikiwa Kisumu, nilibisha hodi kwa Mama Nirmala, mjane ambaye mwanawe nilisoma naye chuoni. Ukiwa barabarani huoni ila ukuta na mlango mmoja. Ndani kuna ua ulio wazi juu, vyumba vimeuzunguka, na varanda mbele ya kila chumba. Nje nilikuwa nikitiririka jasho. Hapo nikapata upepo.

"Unatoka wapi huu upepo?" nikauliza.

"Joto inapanda, inatoka hapo juu. Hewa baridi inaingia kwa mlango," alisema. "Babu ya mzee wangu alijenga kama kwao Gujarat." Akanionyesha pembe moja ya varanda. "Mzee alipougua, alilala hapa. Nikipika, namwona. Watoto wakicheza, anawaona."

Nilikaa pale zaidi kuliko nilivyokusudia, nikiupima ua kwa hatua.

Saa tisa nilikuwa Kaloleni. Mama Akinyi hakunipeleka kutazama kiwanja. Alinipeleka kwa mama mkwe wake, kikongwe ambaye mtaa mzima humwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo.

"Huyu alikaa ghorofa ya tatu kwa kijana wake, miaka mbili," akasema. "Miguu ilikataa ngazi. Watu alikuwa anaona kwa dirisha tu."

Nilitoka nje. Nikaomba jivu. Wapangaji wakakusanyika, tukachora nalo chini, kwa ukubwa wake halisi, ua wenye nyumba pande zote: wazee chini, vijana juu.

"Na tukigombana, jirani si atasikia?" mwanamke mmoja aliuliza, wakacheka. Tukasogeza madirisha yasitazamane.

"Mvua je?" akauliza mwingine. Nikawaonyesha sakafu itakavyoinama kuelekea mfereji.

Dani akainuka na mkongojo wake. Alitoka katika chumba cha jivu, akavuka varanda ya jivu, polepole, hadi katikati. Akaitisha kiti. Aliketi akitazama huku na huku, kisha akasema neno kwa Kijaluo.

"Anasema panua mlango," Mama Akinyi akatafsiri. "Watu wa kumsalimia watakuwa wengi."

Jumatano nilirudi Nakuru. Miaka yote nilikuwa nikihesabu vyumba bila kuuliza nani atamwona nani akiamka. Nilitandika karatasi mpya mezani, nikaanza na mlango, nikauchora mpana.