Mtoto Niliyemficha Jua

Mtoto wangu wa kwanza alikufa kwa nimonia tukiishi Gitothua, mwezi wa saba, wakati wa ule ukungu usiotoka hadi saa sita. Alikuwa na miezi minne. Wa pili alipozaliwa, katikati ya miaka ya tisini, tulikuwa tumehamia chumba cha kupanga Kiandutu, Thika, na niliapa kwamba huyu baridi haitamgusa.

Nilimvisha fulana tatu, sweta mbili, kofia ya sufu, na shali juu ya yote. Dirisha tuliliziba kwa kadibodi. Mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita cucu, alimlea humo ndani nikiwa kazini kiwandani, na mlango aliufungua kidogo tu, kama anayeogopa kuku wataingia. Wageni waliokuja kumtazama mtoto waliona pua. Nilijigamba, tena sana. Mama yeyote aliyepita na mtoto kichwa wazi nilimwona mjinga, na mdomo wa kumwambia nilikuwa nao.

Alifika miezi minane bila kukaa. Akinyonya, kichwa kilimlowa jasho. Cucu alisema ni uvivu wa babake. Kisha kifua kikambana, mbavu zikawa zinabonyea ndani kila akivuta pumzi, midomo ikabadilika rangi. Nimonia ilikuwa imetufuata hadi Thika na kupenya sweta zote. Nilikimbia naye hospitali.

Walimweka kwenye oksijeni. Siku ya tatu akashikwa na degedege, macho yakageuka, nikapiga mayowe hadi muuguzi akanitoa nje. Nilisimama kwenye veranda nikiwa na hakika kwamba mlango ukifunguliwa nitaambiwa pole. Nilishawahi kuambiwa, na niliogopa hata sauti ya viatu.

Aliyetoka alikuwa daktari, mwanamke wa maneno machache. Mtoto alikuwa hai. Baadaye siku hiyo alinionyesha picha ya eksirei.

"Mama, huyu mtoto huwa anaota jua saa ngapi?"

"Haoti, daktari. Tunamkinga na baridi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo," nilisema, nikingoja kusifiwa.

Alinitazama, kisha akaeleza polepole. Mifupa ya mtoto ilikuwa laini, hata mbavu, ndiyo maana kifua hakikuwa na nguvu ya kupumua. Vitamini D, ambayo mwili huitengeneza kwa jua, alikuja nayo kidogo mno.

"Na mtu akiugua vibaya hivi, hata hiyo kidogo inashuka," alisema. "Kalsiamu nayo inashuka. Ndiyo ukaona degedege."

Walikuwa wamemtoa damu mara mbili, siku tuliyoingia na siku ya degedege, na kuipeleka Nairobi. Majibu yaliporudi, ya pili yalikuwa mabaya kuliko ya kwanza. Siku hizo tatu nilikuwa nimekaa kando ya kitanda nikimfunika vizuri. Niliona aibu iliyonifanya nishindwe kumtazama muuguzi usoni.

Walimpa kalsiamu kwenye dripu na kumdunga ile vitamini, na wiki ya pili akanyonya mwenyewe. Tuliruhusiwa kwenda nyumbani na agizo moja: kila asubuhi, saa tatu, atolewe uani bila nguo, aote jua kwa muda mfupi.

Kesho yake nilitandika leso uani. Cucu alisema, "Ngai, Mungu wangu, unataka kumuua huyu pia?" kisha akaingia ndani asione. Jua lilikuwepo, lakini na upepo ulikuwepo. Nilimvua sweta, nikamvua fulana. Wodini, kama angekufa, ningesema nimonia imemchukua. Hapa mkono uliokuwa ukimvua ulikuwa wangu.

Akapiga chafya. Nikamfunika haraka haraka, nikakaa hivyo nikilia, kisha nikamfunua tena.