Visiki Chini ya Maji

Bi Mundu alikuwa na miaka thelathini na minane ya kukata matete. Kipande chake kilikuwa pale mto unapokaribia bahari bila kuonja chumvi yake: maji ya kunywa kabisa, ila yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku. Ukingoni ndago, mbele yake mafunjo, kisha matete yenyewe, marefu kuliko watu wawili waliopandana mabegani, yamefungana hata mwenzako wa hatua tano humwoni, unasikia kikohozi chake tu. Kipande hicho ndicho kilichomlea mwanawe baada ya baba mtu kufa. Nyua na dari za nusu ya mtaa zilitoka humo, na Bi Mundu hakuchoka kuwakumbusha watu.

Siri ya kazi ni moja, na kila nyumba humfundisha mtu wake. Kumfundisha mkwe wa mwenzio ni kuingilia mambo ya watu. Maji yakipwa, tete hukuonyesha mpaka mguu wake mweupe topeni, na mkono unakuwasha ulikate hapohapo upate urefu. Usithubutu. Unakata juu ya goti, kupita ule mstari wa tope ambao maji yaliyojaa huuacha kwenye shina. Kisiki kina uwazi ndani, na mzizi unavuta hewa humo. Maji yakikifunika, mzizi unaoza.

Mwanawe, fundi seremala, alipooa, nyumba ilipata mkaza mwana mwenye mkono mwepesi na kicheko kisichoisha. Wakataji wenzake walimpongeza Bi Mundu. "Umepata mtu! Sasa pumzika, mama." Hilo neno pumzika lilimchoma kuliko tusi. Na mwana aliyezoea kumuuliza mama kila kitu, sasa hata shati la kuvaa alimuuliza mkewe.

Basi Bi Mundu akamtengea binti wa watu kona ya nyuma ya kipande chake, akamwambia, "Kata chini kabisa, mwanangu, topeni. Wanunuzi wanapenda marefu."

Alitaka kona moja tu ife, ili mwanawe aone ameoa mtu wa namna gani. Tusimtafutie kisingizio, ilikuwa roho mbaya, na alilala nayo usingizi mzuri.

Kona ikafa. Machipukizi hayakutoka, maji yakatuama juu ya visiki yakinuka mayai viza. Mwana alipouliza kulikoni, mama akajibu mkewe akisikia, "Mkono wa mkeo una nuksi." Kile kicheko kikakatika. Bi Mundu akaenda mwenyewe kuitazama kona, aburudike kidogo, na humo akakanyaga kisiki kilichojificha chini ya maji. Kilikuwa kimekatwa mshazari. Kiliingilia wayoni kikatokea juu.

Alilala wiki tatu. Aliyemkamua usaha, aliyembeba mgongoni kwenda chooni, aliyempulizia uji usimuunguze, alikuwa huyohuyo mwenye nuksi.

Asubuhi moja akasikia vishindo uani. "Mama, njoo uone!" Mwana na mkewe wakamkokota hadi mlangoni. Ukutani iliegemezwa miganda ya matete, mirefu ajabu, na kila tete lina mguu mweupe.

"Nimeona msimu utakupita," mkaza mwana alisema, tope limemkauka mpaka mapajani. "Nimeshakata nusu ya kipande chako. Na safari hii nimekuwa makini, mama. Nafikiri kule konani nilikata juu mno, ndiyo maana pakafa. Huku nimeshuka chini zaidi, kama ulivyonielekeza."

Bi Mundu alishika mwimo wa mlango. Hakuhisi tena mguu. Nusu imekwisha kufa, nusu bado imesimama, na ya kuiokoa ni maneno matatu: kata juu zaidi. Lakini mwanawe alikuwa hapo hapo, penseli sikioni, na hakuwa mjinga. Angeuliza, mbona ulimwambia chini?

Machozi yakamtoka.

"Usilie, mama, mimi si mtu baki," mkaza mwana alisema. "Iliyobaki namaliza kesho, maji yakipwa." Kisha akasita. "Au nimekosea? Niambie tu, nikate vingine."

Mwana akageuka kumtazama mama yake, naye akisubiri jibu.

"Hujakosea," Bi Mundu alisema. "Kata hivyohivyo."

Mkaza mwana akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ya nuksi, akapiga magoti kumfunga upya kitambaa mguuni. Kesho yake asubuhi, Bi Mundu akiwa kitandani, alisikia mundu wake ukinolewa uani: mara sita upande huu, mara sita upande wa pili, pole pole, bila kukwaruza. Hilo alikuwa amemfundisha sawasawa.