Namba ya Gilbert Dreiling

Gilbert Dreiling alikuwa hajui kusalimia watu. Kwenye maonyesho ya silaha za kale pale mjini Salina, sisi wenye meza tukiwa bado tunafunua vitambaa, yeye anakuja na kofia yake ya kampuni ya mbegu, anasimama mbele yako na kukutupia namba: saba tatu moja sita. Unamjibu, "Bado, Gilbert." Anatikisa kichwa, anakuachia mkate wa kabichi na nyama aliooka mkewe Leona, anahamia meza ya pili. Ukumbi mzima tuliikariri ile namba. Kuna mtu alimshauri aichezee bahati nasibu, labda huko ingemtoa, na Gilbert akacheka kuliko sisi wote.

Mimi naitwa Virgil Werth, fundi bomba mstaafu. Nimekuwa rafiki yake miaka thelathini na kitu, na haya ninayoyaeleza hayanipambi hata kidogo. Anayetafuta habari za watu wema atafute kwingine.

Gilbert aliendesha basi la shule maisha yake yote. Sisi wengine tulikuwa na makabati yamejaa bastola, tunanunua, tunauza, tunadanganyana kidogo. Yeye alikuwa na moja tu. Aliinunua mwaka sabini na tisa kwa kuuza mitamba wawili, na Leona alimnunia mpaka Krismasi. Ilikuwa bastola ya jeshi la wapanda farasi, ya mwaka elfu moja mia nane sabini na nne, na kusema kweli, ilikuwa inanitoa udenda. Rangi ya samawati ya kiwandani ilikuwa bado imeshika mtutu. Muhuri wa mkaguzi ulikuwa unasomeka kwenye mbao ya mpini, herufi kwa herufi. Skrubu hazikuwa zimetafunwa na bisibisi ya mlevi yeyote. Na zaidi ya yote, hakuna mjinga aliyewahi kuipiga msasa ili ing'ae, maana hao wapiga msasa wameua bastola nyingi kuliko kutu.

Ila ilikuwa na kasoro moja. Silinda, kile kidude cha mviringo kinachobeba risasi sita na kuzunguka, ilikuwa na namba ya bastola nyingine. Zamani jeshi lilizikusanya zile silaha, likazifungua kwa marundo, likaziunga tena bila kujali kipande kipi ni cha nani. Askari hakujali, risasi ilitoka vilevile. Lakini mnunuzi wa mnadani leo, kabla hajaangalia chochote, anavaa miwani na kusoma namba. Zikifanana zote, anatoa pesa za kununulia kiwanja. Ikipishana moja, anakurudishia na kukuuliza habari za mvua. Kwa hiyo Gilbert alikuwa anaitafuta silinda yake, saba tatu moja sita, ambayo huenda ilishayeyushwa kabla baba yake hajazaliwa.

Haikuyeyushwa. Niliipata mimi.

Ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita, kwenye mnada wa shamba la marehemu mmoja aliyekuwa akitengeneza bunduki. Nilinunua sanduku la takataka kwa dola kumi na mbili: springi, bawaba za mageti, misumari. Nilikaa kwenye gari langu nikichambua, nikaifuta silinda moja kwa kidole, na namba ikatokea. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikasema Machi, siku ya kuzaliwa kwake, nitaiweka juu ya keki.

Machi ilipofika nilikuwa nimeshapiga hesabu. Nilijua Gilbert hawezi kuishi milele, na siku moja ile bastola itauzwa, na bila silinda itauzwa kwa bei ya kutupa. Nilijua nani atakuwa tayari kuinunua. Nikaitia silinda kwenye soksi, nikaificha juu ya mashine ya kufulia. Mke wangu alishafariki, hakukuwa na wa kunihoji. Na kila maonyesho Gilbert alipokuja mezani kwangu na kutaja namba, nilimtazama usoni, macho makavu, nikamwambia bado. Kisha nikala mkate wake. Sijui wengine wanafanyaje dhambi zao, lakini mimi yangu niliifanya kidogokidogo, mara nne kwa mwaka, huku nikitafuna.

Mwaka jana Leona akaanza kutetemeka mikono, halafu miguu. Akaanguka kwenye ngazi mara mbili. Nyumba yao ina bafu juu tu, na daktari alisema ngazi basi. Ilibidi wajenge bafu chini, na Gilbert hakuwa na kitu cha kuuza ila kile kimoja. Leona alitaka wavumilie mpaka mnada mkubwa wa Oktoba, wakija wale wenye pesa kutoka Texas. Atalala sebuleni, atatumia ndoo, si neno. Gilbert akaja kuniuliza mimi, kwa sababu aliniamini.

"Leona anasema huenda namba ikapatikana kabla ya Oktoba," aliniambia. "Unajua alivyo, bado ana imani kuliko mimi."

"Gilbert, ndugu yangu, miaka arobaini na kitu hujaipata. Unamtesa mama wa watu na ndoo kwa ajili ya nini? Uza Juni."

Nilisema hivyo. Kwa sauti ya huruma kabisa. Nikimkumbuka mtu yule aliyekaa jikoni kwangu akisema maneno yale, natamani kumzaba vibao.

Siku ya mnada wa Juni Gilbert alikaa pembeni yangu, kofia magotini. Kwenye orodha walikuwa wameandika wazi kwamba silinda si ya bastola ile. Mnunuzi mmoja aliyevaa buti za gharama aliichukua, akasifia mpini, akasifia mtutu, akavaa miwani, akairudisha mezani. Gilbert alimtazama mpaka alipokwenda. Zabuni zilikwenda kwa kusuasua, dalali akijitahidi kuwachekesha watu, na nyundo ilipogonga, bastola ilikuwa yangu. Pesa hazikufika hata robo tatu ya alizotaka fundi wa bafu. Gilbert alinigeukia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema afadhali imekwenda kwa mtu wa nyumbani.

Nilifika kwangu, nikatoa silinda kwenye soksi, nikaitia mahali pake. Iliingia bila kulazimishwa. Niliizungusha mara moja. Nilikuwa nimeingoja furaha ile miaka kumi na moja na haikudumu hata muda wa kukaanga yai. Jumapili sikwenda kanisani, kwa kuwa Gilbert na Leona hukaa benchi la mbele yangu.

Siku ya nane nikapiga moyo konde. Niliifunga bastola kwenye taulo, nikaendesha hadi kwake asubuhi, nimeshapanga kila neno: nimeipata lini, nimeificha wapi, chukua, uza Oktoba, nitukane utakavyo. Nilimkuta amepiga magoti kwenye kile kilichokuwa chumba cha chakula. Pesa za fundi hazikutosha, kwa hiyo alikuwa anajenga mwenyewe, mzee wa miaka sabini na sita, na mabomba ameyaunga kombo yote. Leona alikuwa amelala chumba cha pili.

Nilifunua taulo. Alifuta mikono, akaichukua, na kwa mazoea tu akaigeuza kusoma namba. Akasoma mara ya pili. Akakaa juu ya boksi la choo ambalo halijafunguliwa.

"Lini?" akauliza.

Jibu lilikuwa mdomoni. Haki ya Mungu lilikuwa mdomoni.

"Juzi," nikasema.

Hakunitilia shaka hata kidogo. Alianza kuhesabu kwa vidole, polepole, kutoka siku ya mnada. Vidole vikafika sita na kusimama.

"Siku sita, Virgil. Leona aliniambia nisubiri, mimi nikashindwa kusubiri siku sita."

Nilimsukumia ile bastola. Nilimwambia aichukue, ni yake, pesa tutajua baadaye. Nilimbembeleza kweli. Akakataa katakata, akaifunga mwenyewe kwenye taulo, akanirudishia. Alisema mimi nimeinunua kihalali, mbele za watu, na yeye si mtu wa kumnyang'anya rafiki bahati yake. Kisha akasogea karibu na kushusha sauti ili mkewe asisikie.

"Ila nakuomba kitu kimoja. Usimwambie. Akijua nimemponza kwa papara zangu, sitaweza kumtazama."

Nikamwahidi. Nikavua koti, nikaanza kuyafungua yale mabomba yake.

Bafu lilikwisha baada ya wiki tatu, kazi safi, na sikumtoza hata senti. Leona amelitangaza jambo hilo parokia nzima. Kila Jumapili baada ya misa ananishika mkono kwa mkono wake unaotetemeka na kuwaambia watu kwamba rafiki wa kweli ndiye huyu, na watu wananipigapiga begani. Gilbert husimama nyuma yake, ameinamisha kichwa, anaona aibu kwa zile siku sita.