Nilivyouanika Ubongo wa Dada Juani

Kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Siku ile yeye alikuwa kwake amepumzika.

Dada yangu ni mkulima wa mwani, Kibuyuni. Kichwa kilimuuma wiki tatu. Tukasema jini, akanywa kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini. Mwisho akapigwa picha ya kichwa kule Mombasa, ikaonekana damu imeganda katika mshipa wa ubongo, maradhi ambayo daktari alisema huyaona kwa nadra. Akapewa dawa ya kuzuia damu kuganda.

Miezi ikapita, jino likamuoza. Hakuna aliyethubutu kuling'oa, damu isije ikakataa kusimama. Daktari akamwambia arudi na picha ya zamani, ailinganishe na mpya. Mshipa ukiwa umefunguka, dawa itasimamishwa, jino ling'olewe.

Mimi niliacha shule darasa la sita, na kitu nisichokijua huniwasha mwili mzima. Nikaichukua ile filamu ya picha ya zamani bila ruhusa. Bahasha ilikuwa na onyo kwamba iwekwe mbali na joto. Sikulisoma, nilikuwa na haraka ya elimu.

Nikaibandika kwenye dirisha la kibanda cha kahawa, Kona ya Musa, mwanga upenye. Watu wakajaa. Nikawaonyesha mshipa ulioziba. Mzee mmoja akauliza wivu unakaa wapi, ana mke wa kupeleka akapunguzwe. Nikamwonyesha. Kwa kijiti, jamani!

Nilifundisha hadi adhuhuri. Nilipogeuka, jua limeipiga filamu, imekuwa nyeusi tititi.

Nikairudisha kwenye bahasha, nikanyamaza.

Siku ya kliniki daktari aliiinua kwenye taa, akaigeuza, akaigeuza tena. "Bibie, humu hamna kitu."

Dada, mkono shavuni, akanitazama. "Mdogo wangu, umekifanya nini kichwa changu?"

"Nilikuwa nakisomesha, dada."

Daktari akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Lakini hakutaka kubahatisha: dawa iendelee mpaka nakala ipatikane Mombasa. Wiki mbili! Dada akinywa uji kwa upande mmoja wa mdomo, nami nimo baharini hadi kiunoni nikifunga mwani wake, maana alisema mwenye kupenda kujua na ajue na hilo.

Alhamdulillahi, mshipa umefunguka, na jino limetoka.

Nawe ukiharibu kitu cha mgonjwa wenu, sema siku hiyo hiyo. Ningalisema mapema, nakala ingalikuwa mezani siku ya kliniki. Jua liliharibu picha tu. Zile wiki mbili za maumivu nilimpa mimi, kwa kunyamaza.