Mbuzi wa Mtihani

Nimeuza nyama Bunda tangu kijana. Shule niliishia darasa la pili, na nyumba ya kwanza ya bati mtaani kwetu nilijenga mimi. Nundu ya ng'ombe nilikuwaga siuzi. Ilikuwa yangu. Naikaanga kwa mafuta yake yenyewe, nikishiba nawasha sigara.

Siku mkono wa kulia ulipoachia kisu, nilikuwa nampimia mama mmoja nyama. Mdomo ukaenda upande. Yeye akadhani nakwepa kumwongezea.

"Mzee, acha maigizo, weka na steki hapo!"

Hospitalini Musoma, daktari mmoja, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, akanionyesha picha ya shingo yangu.

"Babu, mshipa huu umejaa mafuta magumu. Damu ikaganda juu yake, bonge likachomoka, likaenda kuziba mshipa wa ubongo. Sehemu iliyokosa damu imekufa. Hicho ndicho kiharusi."

"Shingo usinifundishe. Nimekata nyingi kuliko wewe."

Mkono ulirudi. Miezi ikapita, mke wangu akaanza kulalamika kwamba narudia maneno. Tukarudi kwa daktari. Akaniambia nichore saa, eti anapima akili yangu. Nikamjibu mimi saa naangalia, sichori. Akamwambia mke wangu, kama vile mimi sipo, kwamba vimishipa vingine vya ubongo navyo vinaziba kidogo kidogo, na akili inaweza kuondoka navyo. Nimeze dawa, niache sigara.

Nyumbani mke wangu akasema, "Mzee, bucha mwachie binti yako."

"Bucha yangu? Kesho nachinja mbuzi hapa mbele yako. Nikikosea kiungo kimoja, namwachia."

Asubuhi nikamchinja mbuzi wetu mwekundu. Ngozi ikatoka bila tundu, viungo vikaachana safi kama zamani. Nikanawa, nikanywa chai, nikamcheka mke wangu mpaka nikakohoa.

Kisha nikachukua kisu, nikaenda zizini, nikamshika mbuzi mweupe sikio.

"Unampeleka wapi huyo?" mke wangu akauliza.

"Si ndiye mbuzi wa mtihani! Au umeshaogopa?"

Hakucheka. Akanishika mkono, akanivuta mpaka jikoni. Beseni limejaa nyama. Nikauliza nani kachinja, maana huyo mtu anajua kazi.

"Wewe."

Nilitaka kubisha. Nikaangalia kucha zangu, damu bado ilikuwemo.

Kiungo sikukosea hata kimoja, andikeni hivyo. Kisu nilimpa binti yangu hata hivyo. Sasa bucha ni yake, na nundu anaiuza yote, mshenzi yule, hata kipande haniletei.