Gari la Alama Tisa

Kaka yangu alikuwa na kazi ya kukaa. Wenzake pale yadi walimwita Bwana Kiti, na wakitaka kumchokoza walisema ndiye mtu pekee mjini anayelipwa kwa ajili ya makalio. Yadi hiyo huuza magari yaliyokwisha kutumika. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kukagua ndani ya kila gari kabla halijapangwa mbele ya wateja, na kulipatia alama kati ya moja na kumi. Injini ilikuwa na mtu wake, bodi ilikuwa na mtu wake. Kuanzia mlango kwenda ndani kulikuwa ni kwake.

Alivua viatu kabla ya kuingia. Alikaa kwenye kila kiti, si cha dereva peke yake, mlango umefungwa, redio imezimwa, mpaka mgongo useme. Alivuta mkanda wa kiti hadi mwisho akaunusa, kwa sababu gari lililozama kwenye mafuriko huoshwa kila mahali isipokuwa ule mkanda uliojikunja ndani. Alipitisha vidole chini ya viti kutafuta kutu. Kila kioo alikipandisha na kukishusha mara mbili. Mteja mmoja alimkuta kiti cha nyuma amefumba macho, akaenda kumwambia bosi, "Mfanyakazi wako kalala." Bosi akamjibu, "Mwache. Akiamka atakuambia gari lina nini."

Hakugawa alama kama karanga. Nyingi zilikuwa tano na sita. Kumi hakuwahi kuitoa.

Mimi ni mdogo wake, nakaa na mama. Mama alianguka mlangoni mwa bafu, nyonga ikavunjika, wakamtia chuma. Daktari alitoa masharti: asikae mahali palipo chini ya usawa wa magoti yake, asijikunje. Kaka ndiye aliyeleta matofali tukainua kitanda, na ndiye aliyemwita seremala kurefusha miguu ya kiti cha mama. Alipima kwa rula, akamkaliza mama, akapima tena. Nasema hivi ili isidhaniwe kwamba hakujali.

Mama alikuwa amebakiwa na safari moja tu: kila Jumapili kwenda upande wa pili wa mji kumwona mdogo wake, mama yetu mdogo. Katika watoto saba walibaki wao wawili. Mama mdogo alikuwa kitandani, kiharusi kimemwondolea kauli, kwa hiyo simu haikuwasaidia kitu. Mama alikuwa akimshika mkono na kumsimulia mambo ya mtaani, naye akicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Aliyempeleka ni jirani yetu muuza mbao, kwa pikapu yake. Aliweka kreti chini, mama akapanda juu yake, akageuza mgongo, akakaa. Jirani akamzungusha miguu kuingia ndani. Kiti chenyewe kilikuwa kimechanika, sponji iko nje, na kioo cha mlango kilizuiwa kwa kipande cha ubao kisianguke.

Kaka hakuweza kuvumilia. "Mama yangu anabebwa pamoja na mbao?"

"Mbao hazisemi watu," mama alimjibu. "Ni abiria wazuri."

Kaka alikaa miezi mingi akichagua gari. Ijumaa moja akaja na gari dogo la kijivu, lile la aina ya mlango wa nyuma unaoinuliwa juu, akaliegesha mbele ya baraza na kufungua milango yote. Viti vya kitambaa kizito kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, vyenye mashavu pembeni ya kumshika mtu kwenye kona. Kiyoyozi kimya. Skrini, na kamera ya kuonyesha nyuma. Usukani unaopanda na kushuka. Hata harufu haikuwa na kasoro.

"Tisa," alisema. "Moja nimeikata kwa sababu ya buti. Ingia ujaribu, mama."

Mama alilitazama akiwa kwenye kiti chake kirefu. "Nitaingia Jumapili, nikiwa nimeoga vizuri."

Kaka akacheka kwa furaha. Akatoka hapo akaenda kwa jirani kumshukuru kwa wema wake wote, akamwambia sasa apumzike.

Jumapili yadi huwa na wateja wengi, kwa hiyo mwendeshaji nilikuwa mimi. Mama alivaa, akasimama mlangoni mwa gari, akageuza mgongo kama alivyozoea, akaanza kujishusha. Nyonga ilifika inapopaswa kukoma, na kiti kilikuwa bado chini. Akagonga kichwa kwenye ukingo wa paa. Tulijaribu kiti cha nyuma. Huko mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Tukarudi mbele. Safari hii nilimshika kwapani nikamshusha, akapiga ukelele ambao sikuwa nimeusikia tangu hospitali.

Nilimsimamisha. Kiti cha dereva kilikuwa na wenzo wa kukipandisha. Cha abiria hakikuwa nao.

"Basi mimi niendeshe, wewe ukae," mama alisema, na machozi yanamtoka.

Nikamwambia nikamwite jirani. Akanishika mkono.

"Jirani ameshashukuriwa. Nikipanda kwake leo, mtaa mzima utajua gari la mwanangu halifai. Kaka yako hana shamba, hana duka. Ana hiyo tu, ya kujua kiti. Usimwambie."

Nikakubali. Sikulazimishwa.

Kaka alipopiga simu jioni kuuliza kama mama na mdogo wake walifurahi, nilimwambia mama ameamka na homa. Jumapili ya pili nilisema mvua. Ya tatu, mama mwenyewe alichukua simu akasema amechoka. Mimi gari nililipeleka sokoni na kulirudisha, lisije likaonekana limesimama. Lilikuwa gari zuri mno kuendesha.

Ilipofika ya sita kaka alikuja mwenyewe kabla ya kwenda kazini. Alibaki amesimama.

"Mama, mdogo wako yuko kitandani, gari liko mlangoni, dereva yupo. Ulipokuwa huna gari ulikwenda kila wiki. Sasa unaringa nini?"

"Uzee, mwanangu. Mguu ukikataa haubembelezwi."

Akanifuata jikoni. "Shukrani ya punda ni mateke," aliniambia, na hakuipunguza sauti. Ukuta wa jikoni kwetu ni wa mbao. Niliposogeza pazia nilimwona mama anakunja kitenge alichokwisha kukikunja.

Jioni ile nilimwambia, "Mama, niruhusu nimwambie."

"Amenitukana kwa sababu hajui. Akijua atajitukana mwenyewe. Bora mimi."

Mama mdogo alifariki Jumatano, baada ya Jumapili ya kumi na moja. Binti yake alitusimulia kwenye simu kwamba kila Jumapili mchana mama yake alikuwa akigeuza macho upande wa mlango, nao wakidhani ni mwanga unamsumbua, wakamfungia pazia.

Siku ya mazishi kaka alikuja na nguo nyeusi. Alilipangusa gari mpaka likang'aa. Alifungua mlango wa mbele akasimama pembeni yake. Mama alitoka na fimbo, nikiwa nyuma yake, akalipita gari. Pikapu ya jirani ilikuwa imesimama barabarani inaunguruma. Nilikuwa nimemwita mimi, asubuhi, bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Mama, gari ni hili," kaka alisema.

Mama aliendelea kwenda. Jirani akaweka kreti. Mama akapanda, akageuza mgongo, akakaa juu ya ile sponji, miguu ikazungushwa, mlango ukafungwa. Haikufika hata muda wa kufunga kamba za viatu.

Kaka alibaki ameshika mlango. Aliangalia kiti cha pikapu, akaangalia chake. Kisha akasogea karibu na kiti chake cha alama tisa, akaweka kiganja juu yake, na kwa mkono wa pili akagusa goti lake. Kiganja kilikuwa chini sana. Kaka ni mfupi, mwepesi, hajawahi kuumwa mguu. Miaka yote hiyo alipima jinsi mtu anavyokaa, na mwili aliopimia ulikuwa wake.

Yaliyotokea yadi wiki iliyofuata nilisimuliwa na mkaguzi wa injini. Kaka alijifunga ubao kuanzia kiunoni hadi juu ya goti ili nyonga isikunjike, akajaribu kuingia kwenye kila gari lililokuwapo.

"Bwana Kiti, leo umekuwa mlango?" walimcheka.

Magari kumi na nane, kumi na manne yalimkataa. Kwenye fomu, chini ya mistari iliyochapwa, akaongeza mmoja kwa kalamu: kuingia na kutoka. Bosi alizisoma fomu zote akiwa amesimama, akachukua kalamu akaukata mstari huo kwenye kila fomu.

"Wateja wangu wana miguu yao," alisema. "Wewe nipe alama za viti."

Anampa. Nasikia sasa anakagua magari sita kwa saa, hangoji tena mgongo useme.

Gari la kijivu aliliuza. Baada ya hapo alikuja nyumbani, akaingia moja kwa moja jikoni nilipokuwa nachambua mchele.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Jumapili ya kwanza."

"Ukaniacha nimwite mama yangu punda."

"Mama alinikataza, kaka."

"Mama ana miaka sabini na sita na chuma mwilini. Wewe una leseni, una simu, una mdomo."

Nikainamia mchele. Mama akaita kutoka chumbani, "Mwache mdogo wako! Mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Nilikuwa nakuficha aibu, mwanangu."

Kaka akaenda akasimama mlangoni mwa chumba chake.

"Aibu ya tisa, mama? Ningeikata nikaandika sifuri. Kalamu ilikuwa mfukoni."

Nilimsikia kaka akitoka, akivaa viatu barazani, akikawia na kamba.

Anakuja kila Jumapili akitoka kazini. Humletea mama matunda, humkagua kiti na kitanda, huzungumza naye mpaka giza linapoanza kuingia. Mimi huenda kumfungulia mlango. Namwambia shikamoo, ananiambia marahaba, na hayo ndiyo maneno yetu ya wiki nzima.